Kapteni Analala Wapi Mchana

"Kapteni, huyu ni nani?"

Sista alikuwa ameishika simu ya mumewe kwa vidole viwili, mbali na mwili wake, kama anavyoshika bandeji iliyochafuka. Mumewe alikuwa mbele ya kioo, shavu moja lina povu, la pili limeshanyolewa.

"Nani yupi?"

"Ngoja nikusomee, labda utamkumbuka."

Akasoma pole pole, neno kwa neno:

“Kapteni, jana umeondoka bila kuaga. Kitanda cha chumba cha nyuma nimekitandika tena, njoo leo saa nane kama ulivyosema. Usimlete mkeo kwanza mpaka uridhike.”

Wembe ukasimama.

"Ni mama mwenye nyumba," Kapteni akasema. "Wa kule Viwandani. Ana chumba cha kupangisha."

"Na kitanda?"

"Chumba kina kitanda chake."

"Kimetandikwa tena. Mara ya kwanza kilivurugwa na nani?"

"Nilijinyoosha kidogo tu. Nilikuwa nimechoka kuzunguka."

"Na huko kuridhika? Unaridhika na kitu gani ambacho mimi sitakiwi kukiona?"

"Na chumba, mke wangu. Nilitaka niwe na uhakika kabla sijakusumbua. Uko kwenye mafunzo ya kuanza kazi kutwa, miguu inakuvimba."

"Miguu yangu umeanza kuihurumia lini?"

Kapteni akanawa povu, nusu ya ndevu ikiwa bado ipo. Akavaa shati, akaitoa simu mkononi mwa mkewe kwa upole, ule upole wa mtu mwenye makosa, akatoka. Sasa niambie wewe. Mwanamume anayetoka na shavu moja limenyolewa na jingine lina manyoya, ama nyumba inaungua, ama ana lake.

Hawa wawili walikuwa na wiki mbili tu katika mji huo. Sista ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, wale wanaompa daktari mkasi kabla hajafungua mdomo kuuomba. Alikuwa ameitwa kazini na hospitali kubwa kuliko zote alizowahi kuziona, akafunga virago na mumewe, wakapanga chumba namba saba katika nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi mpaka wapate pa kuishi. Masanduku yalikuwa bado yamefungwa kamba. Mumewe aliitwa Kapteni kwa sababu miaka sita aliendesha gari la wagonjwa, na manesi wa kule walikotoka walisema anaendesha kama rubani. Mwaka mmoja nyuma kazi hiyo ilikwisha. Alimwambia mkewe mkataba haukuongezwa, akaanza kutengeneza magari ya watu uani, na Sista hakuuliza zaidi.

Metroni, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, alikuwa ameshatoa sharti, tena mbele ya wenzake wote.

"Mtu wa zamu ya dharura akipigiwa simu anafika ndani ya dakika ishirini. Si ishirini na moja. Ijumaa saa sita mchana nataka anwani ya kila mmoja mezani kwangu. Asiye na anwani ya karibu nitampeleka wadi, na nafasi yake ina mtu anayeisubiri."

Nafasi ile Sista aliiota kwa miaka minane. Lakini kila nyumba aliyoipata karibu na hospitali, Kapteni aliikataa. Ya kwanza, mkabala kabisa na lango, alisema ina mbu. Ya pili maji yake yana rangi. Ya tatu, eti mwenye nyumba anakohoa vibaya. Halafu yeye mwenyewe kutwa anazungukia mitaa ya mbali, mji mwingine kabisa ukiuliza miguu, na akirudi hasemi alichokipata.

Jioni ile Sista akafua. Ndani ya mfuko wa shati la Kapteni la jana akakuta karatasi imekunjwa mara nne.

"Nisomee tena," dada yake akasema kwenye simu. Dada huyu ni mkubwa wake kwa miaka kumi na mbili, ana duka la vitambaa, na alishamfukuza mume mmoja. Wa pili alikuwa anamchunga.

"Sokoni, saa nne mpaka saa sita, vimechorwa vijiti kumi na moja vya kuhesabia. Posta, saa tatu mpaka saa tano, vijiti kumi na tisa. Lango la hospitali, saa mbili mpaka saa nne, vijiti thelathini na kitu, halafu pamekatwa kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka. Viwandani, chumba cha nyuma, saa nane mpaka saa kumi na moja. Hakuna kijiti hata kimoja. Pana neno moja tu."

"Neno gani?"

"Nililala."

Dada akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyekuwa anaingoja habari hiyo tangu harusi.

"Vijiti ni wanawake."

"Thelathini kwa saa mbili, dada?"

"Basi ni aliowaona wanapita. Anapima mtaa wenye wengi."

"Mbona ule wenye wengi ndio ameukata?"

Dada akafikiri kidogo. "Kwa sababu ameshampata wa kulala naye kwenye ule usio nao. Mdogo wangu, unataka nikuchoree?"

"Kapteni si mtu wa hivyo."

"Dalili ya mvua ni mawingu. Mwanamume akikutafutia nyumba mbali na kazi yako, anataka kujua kurudi kwako kunachukua muda gani. Wewe unahangaika na dakika ishirini za Metroni, mwenzio anahesabu zake."

Sista akacheka, kicheko hakikufika mbali. Alikuwa anampenda Kapteni, anampenda hasa, hata anavyofyonza chai alikuwa anapenda. Lakini aliona wazi kilicho mbele yake. Kama kuna mwanamke, basi katika masanduku yale mawili atafungua moja tu, la kwake, na ataanza maisha ya mji huu peke yake.

"Alhamisi nitakwenda huko Viwandani," akasema.

"Nenda. Na viatu vaa vya chini, lolote linaweza kutokea."

Alhamisi saa saba akawaambia wakufunzi wake kwamba tumbo linamsokota. Basi lilichukua saa nzima na dakika kumi, alizihesabu zote. Akaulizia nyumba yenye chumba cha kupangisha, akaelekezwa nyuma ya bohari lililofungwa zamani, mtaa umetulia mpaka unasikia nzi. Barazani mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba alikuwa anashona sare za shule.

"Hodi."

"Karibu. Kama ni chumba, kimeshapata mtu."

"Namtaka huyo mtu."

"Amelala. Amesema asiamshwe mpaka saa kumi na moja."

"Mimi ni mkewe."

Cherehani ikanyamaza.

"Ala. Ndiwe. Alisema hatakuleta mpaka aridhike."

"Na wewe unamridhishaje?"

Mama akavua miwani. "Mwanangu, hicho kinywa kichunge. Mimi nina wajukuu watatu. Mumeo alikuja hapa hakuuliza kodi, hakuuliza choo. Aliuliza jambo moja tu: mama, hapa mnasikia kelele gani? Nikamwambia cherehani, na jogoo wa jirani ambaye hajui saa. Akaniomba alale apime."

"Apime nini?"

"Muulize yeye. Mimi nilidhani ni mlinzi, anatafuta pa kulala mchana."

Sista akapita, akausukuma mlango wa nyuma. Viatu vya Kapteni vilikuwa vimepangwa kando ya mlango. Kapteni mwenyewe alikuwa chali juu ya kitanda, na nguo zake zote, soksi miguuni, mdomo wazi, anakoroma.

Sista akachungulia chini ya kitanda. Akafunua pazia. Akainama akanusa mto, mto ukanuka sabuni ya kufulia na jua. Hakukuwa na mtu. Ungedhani angepumua, lakini hapo ndipo moyo ulipomuuma zaidi, maana alikuwa hajausikia mkoromo ule kwa mwaka mzima. Nyumbani Kapteni hugeuka kitandani mpaka kunakucha. Kumbe usingizi anao, ila si kwa mkewe.

"Amka, mpangaji."

Kapteni akashtuka, akakaa. "Wewe? Umefikaje huku?"

"Kwa basi, kama wake wenzangu. Nani mwingine anakuja humu?"

"Hakuna anayekuja. Naapa sina mwanamke."

"Mwanamke umemtaja wewe. Mimi nakuuliza kwa nini kwangu hulali."

"Ni joto la pale nyumba ya wageni."

"Na kule kwetu, mwaka mzima? Joto?"

Kapteni akatazama soksi zake.

"Na vijiti je? Nimeiona karatasi."

Sista akasubiri. Alisubiri kweli, akamhesabia pumzi kumi kama anavyomhesabia mgonjwa anayezinduka kwenye dawa ya usingizi.

"Nitakueleza," Kapteni akasema mwishowe, "lakini si leo."

"Basi kaa na leo yako."

Akiwa njiani kurudi akashuka kwenye lango la hospitali, akaingia kwenye ile nyumba iliyodaiwa kuwa na mbu, akasaini mkataba peke yake. Kisha akaandika ujumbe:

“Kesho saa nne asubuhi nakutaka nyumba ya mkabala na lango. Nimeshaisaini. Ukija tutaongea. Usipokuja nitajua umeshachagua pa kulala.”

Jibu lilikuja baada ya saa nzima:

“Nitakuja.”

Walilala kitanda kimoja kama abiria wasiojuana.

Ijumaa saa nne kamili Kapteni akafika. Akasimama kizingitini pa sebule tupu, jasho limemlowanisha kola na jua lenyewe halijachangamka. Dirisha la sebule lilitazama lango la hospitali moja kwa moja. Mkono ungerefuka kidogo ungegusa ukuta wake.

"Ingia."

"Hapa pananitosha."

"Nyumba ya mkeo inakukinaisha?"

Akaingia hatua mbili, mgongo kwa ukuta.

"Saa sita napeleka anwani hii kwa Metroni," Sista akasema. "Sitaki kelele, sitaki kiapo. Nataka uniambie nani, au nini, kisha niamue kama jina lako nalo liandikwe hapa."

"Mke wangu, tukaongelee mahali pengine."

"Kwa nini si hapa? Mbu wako wapi? Nionyeshe mmoja."

"Twende Sokoni, twende popote, nitakwambia kila kitu."

"Umezoea kunizungusha. Leo..."

Kutoka mbali king'ora kikaanza kulia.

Sista aliendelea kusema. Alikuwa na mwaka mzima wa maneno kifuani. Ilimchukua muda kuona kwamba mumewe hamsikii. Kapteni alikuwa amegeukia dirisha, macho yametoka, na kadiri sauti ilivyosogea ndivyo rangi ilivyomwondoka usoni. Gari likakata kona. Sauti ikaijaza sebule yote. Kapteni akateleza kwenye ukuta mpaka sakafuni, na pale sakafuni mikono yake miwili ikanyooka mbele, ikashika usukani ambao haukuwepo. Mguu wa kulia ukawa unakanyaga saruji, unakanyaga, unakanyaga.

"Kapteni?"

Meno yake yalikuwa yanagongana.

Muuguzi ndani ya Sista akaamka kabla ya mke. Akapiga magoti, akashika kiganja, akatafuta mapigo. Yalikuwa yanakimbia mpaka hayahesabiki.

"Nitazame mimi. Usitazame dirisha. Vuta pumzi na mimi, taratibu. Toa. Tena. Uko sebuleni. Huendeshi gari. Hakuna gari, mume wangu, lete mikono."

Akaibandua mikono ile kidole kwa kidole, akaishika yeye. Nje king'ora kikazimwa. Walikaa hivyo mpaka mguu ulipoacha kukanyaga.

"Zilikuwa dakika arobaini na tatu," Kapteni akasema.

"Zipi?"

"Mama mmoja mjamzito, anatoka damu. Mumewe alikaa na mimi mbele. Kulikuwa na njia ya daraja na njia ya mzunguko. Nikachukua ya daraja. Lori lilikuwa limepinduka katikati. Nyuma yangu magari yameziba, mbele yameziba, king'ora kinalia na hakuna wa kusogea kwa sababu hakuna pa kusogea. Yule mumewe ananiambia, ndugu yangu, ongeza mwendo. Hakuwa na hasira. Ananibembeleza. Ndugu yangu, ongeza kidogo tu. Nesi akagonga kioo kutoka nyuma, akaniambia zima, ameshakufa. Sikuzima. Nilikuwa naona nikizima ndiyo atakuwa amekufa kweli."

Sista akaketi sakafuni kabisa.

"Mkataba wako ulikuwa haujaisha."

"Niliacha. Niliwarudishia funguo wiki ile ile."

"Na vijiti vya kwenye karatasi?"

"Ving'ora. Nilikuwa nakaa kila mtaa saa mbili, nasikiliza. Kule Viwandani sikusikia hata kimoja. Nikalala, mke wangu. Nililala kama mtu. Nikasema nirudi nihakikishe, isijekuwa siku ile magari yalikuwa mabovu."

"Mwaka mzima. Mwaka mzima unaniambia joto, unaniambia mgongo, unaniambia chai imekuzuia usingizi."

"Ulikuwa unarudi umetoka kuokoa watu. Ningekwambia nini, kwamba mimi nimeua?"

"Hukuua."

"Ya mzunguko ilikuwa wazi."

"Ungejuaje? Uliona lori kabla halijapinduka?" Machozi yakawa yanamshuka na sauti bado ina ukali. "Mficha maradhi kifo humuumbua, Kapteni. Umelala na muuguzi miaka minne, ukaenda kutibiwa na fundi cherehani. Mimi nina hasira na wewe. Nina hasira na nafsi yangu pia. Nashika mapigo ya hospitali nzima, ya mume wangu sikuyashika. Nilinusa mto wa watu jana, unajua? Niliunusa."

Kapteni akamtazama. "Ukanuka nini?"

"Sabuni. Usicheke."

"Sicheki."

Lakini kitu fulani kilikuwa kimelegea usoni pake, na Sista akakiona.

"Nisamehe nilisaini bila wewe," akasema.

"Saini ibaki. Nitazoea."

"Hutazoea hapa, ni thelathini kwa saa mbili. Umevihesabu mwenyewe. Kuna mwenzangu wa mafunzo anaililia nyumba hii, nitamwachia."

"Viwandani ni saa nzima na dakika kumi. Metroni atakufukuza."

"Kwa hiyo tuko wapi?"

Wakaikunjua karatasi baina yao sakafuni. Mitaa tisa, ama ya mbali ama ya kelele. Sista akainuka, akaenda kwenye dirisha la jikoni lililotazama ubavu wa hospitali. Nyuma ya hospitali, juu ya paa la jengo la kufulia, kulikuwa na kilima na nyumba ndogo ndogo zimekipanda mpaka kileleni, nguo zimeanikwa.

"Na kule mlimani? Mbona hukukuandika?"

"Kule hapafai. Hakuna barabara, ni ngazi tupu. Gari halifiki."

Sista akageuka pole pole.

"Unanitafutia nyumba mimi, au unalitafutia gari?"

Miaka sita mtu huyu alikuwa anautazama kila mtaa kwa jicho la matairi: kona ipi inapitika, mfereji upi unanasa. Mahali gari lisipofika, kwake hapakuwa mahali. Wala hakuwahi kuwaza kwamba gari lisilofika ni king'ora kisichofika.

"Ngazi zile unazishuka kwa dakika ngapi?" Kapteni akauliza.

"Mimi ndiye nikuulize, Kapteni ni nani hapa?"

Saa sita kasoro dakika tatu Sista alikuwa mbele ya meza ya Metroni.

"Mlimani?" Metroni akasema juu ya miwani yake. "Hakuna mtu wangu anayekaa mlimani. Gari la kukufuata litapita wapi?"

"Sitafuatwa. Nitashuka."

"Namba ya nyumba?"

"Kesho nitakuletea."

Metroni alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na hakupenda neno kesho. Akamtazama Sista kama anayepima sindano mwangani.

"Una mpaka Jumatatu. Na nitakupigia siku nisiyokwambia. Ukipita dakika ishirini, usije na hadithi ya ngazi."

Jumamosi wakapata vyumba viwili kwa bibi mmoja mjane, karibu na katikati ya kilima. Sista hakusaini. Aliweka kigoda mlangoni, akamkalisha mumewe.

"Kaa. Pima. Safari hii na mimi nipo."

Kapteni akakaa kuanzia saa mbili hadi saa sita. Ving'ora vingi vilimezwa na majengo ya hospitali; mara nne tu sauti ilipanda kutoka chini, nyembamba, imechujwa na upepo na makelele ya watoto. Mara ya kwanza alimshika mkewe goti mpaka likauma. Mara ya nne alilishika tu.

"Vinne," akasema.

"Unaviweza?"

"Vinne naviweza. Ukiwepo."

"Na nikiwa kazini?"

Akafikiri. "Nitavijaribu."

Basi wakahamia, masanduku yote mawili yakafunguliwa. Usiku Kapteni alilala vipande vipande, lakini akiamka sasa alimwamsha na mkewe, wakakaa wakaongea. Mambo mengine yalitoka kidogo kidogo hivyo hivyo.

Jumatano ya wiki iliyofuata, saa kumi alasiri, Sista alikuwa anaanika shuka simu ilipolia.

"Metroni hapa. Dharura. Saa inakwenda."

Simu ikakatwa. Sista akaacha shuka likining'inia upande mmoja, akavuta kandambili, akazitupa, akavaa raba.

"Mkoba," Kapteni akasema. Ulikuwa tayari begani kwake.

"Nipe, baki."

"Twende."

"Kapteni, zile ngazi zinaishia kwenye ua wa magari ya wagonjwa."

"Najua zinapoishia. Dakika inapita."

Wakashuka. Kapteni alitangulia, akipiga kelele "njia, jamani, njia," na watu walibana ukutani, akina mama na ndoo zao, mzee mmoja na mbuzi wake, wote wakasogea. Kwenye kila kona alikuwa anageuka kumtazama mkewe kama anavyotazamwa mgonjwa kwenye kioo cha nyuma. Mahali penye ngazi iliyobomoka akamshika mkono akamrusha upande wa pili. Walipofika chini kwenye lango dogo la chuma pumzi zilikuwa zimewaishia wote.

Metroni alikuwa amesimama uani, saa mkononi.

"Dakika kumi na tano na nusu."

"Mgonjwa yuko wapi?" Sista akauliza.

"Hakuna mgonjwa. Nilikuwa nakupima." Akaandika kitu kwenye daftari. "Jina lako linabaki. Na huyu?"

"Mume wangu."

"Mbona anatetemeka?"

Sista akamtazama Kapteni. Lilikuwa jambo lake kulisema au kulificha.

"Nilikuwa dereva wa haya magari, mama," Kapteni akasema. "Nilifiwa na mgonjwa njiani. Tangu siku hiyo siwezi kuyasikia."

Metroni akafunga daftari.

"Kila Alhamisi kuna mshauri hapa anakaa na madereva wetu, wanaongea mambo kama hayo. Chumba cha mwisho, saa tatu. Wako watano wanaokuja. Utakuwa wa sita."

Kabla Kapteni hajajibu, king'ora kikalia barabarani, karibu, kinakuja. Sista akamshika kiwiko.

"Turudi juu. Bado tunawahi."

"Hapana."

"Huna haja ya kumwonyesha mtu yeyote..."

"Kaa na mimi tu."

Wakakaa kwenye ngazi ya mwisho kabisa. Kapteni akaziba masikio kwa viganja, akafumba macho. Sista akamzungushia mikono yote miwili. Gari likaingia uani na sauti yake yote, likasimama, likazimwa. Milango ya nyuma ikafunguliwa na wahudumu wawili wakashusha kitanda. Juu yake alilala bwana mmoja mnene, mguu umefungwa mbao, na alikuwa anagomba.

"Kiatu changu kimoja kiko wapi? Vilikuwa viwili. Vipya. Nani alikuwa nyuma na mimi?"

"Mzee, mguu umevunjika mara mbili," mhudumu akamwambia.

"Mguu naujua uliko. Nauliza kiatu."

Dereva akashuka, kijana wa watu, akanywa maji kwenye chupa, akaanza kutafuta kiatu chini ya kiti.

Kapteni alikuwa ameshusha viganja.

"Amefika," akasema.

"Amefika."

"Anagomba."

"Wengi hufika, mume wangu. Wengi sana. Wewe mwenyewe uliwafikisha. Nitajie mmoja."

Kapteni akatikisa kichwa.

"Mmoja tu."

"Kulikuwa na mzee wa figo," akasema mwishowe. "Kila Jumanne. Aliniita mwanangu."

"Mwingine."

"Mtoto aliyemeza kifungo. Alikitapika mlangoni kabisa, kabla hamjamgusa." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, hakuyafuta. "Na yule binti wa nyoka. Na mapacha. Mapacha walizaliwa ndani ya gari, mke wangu, mimi ndiye niliyeshika taa."

"Hukuwahi kuniambia habari za mapacha."

"Nilikuwa nimewasahau."

Akaendelea kuwataja, mmoja baada ya mwingine, na Sista akaendelea kumshika. Metroni akawaacha pale, akaingia ndani kumwandalia daktari chumba.